Kadi ya Ukaazi Iliyogeuzwa Mchoro: Kisa cha Hung Liu, San Francisco, 1988

Mwaka 1988 mchoraji Hung Liu alialikwa kufanya kazi kwa muda Capp Street Project, kituo cha sanaa mjini San Francisco kilichokuwa kikiwapokea wasanii ili watengeneze kazi mpya papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 40, na ilikuwa imepita miaka minne tu tangu aingie Marekani akitokea China. Ufundi alikuwa nao, tena wa hali ya juu, kwa kuwa alisomea Beijing uchoraji wa kuta kubwa. Historia ya kuchora nayo haikumpungukia: alitoka katika utamaduni wenye maelfu ya miaka ya wino, hariri na kaure. Alichokichagua ni kadi yake ya ukaazi, ile inayotolewa na idara ya uhamiaji.

Mchoro huo unaitwa Resident Alien, maneno yaliyokuwa yamechapwa kwenye kadi yenyewe kumtaja mgeni mwenye ruhusa ya kuishi nchini. Ni rangi ya mafuta juu ya turubai, kimo chake sentimita 152 na upana wake 229, na leo umo katika Jumba la Sanaa la San José, California. Kadi halisi huingia kwenye pochi. Hii ya turubai, mtu wa kawaida akisimama mbele yake na kunyoosha mikono yote miwili, hafiki pembe zake. Kadi imekuzwa zaidi ya mara 25, na yaliyomo yamekuzwa pamoja nayo: jina la Wizara ya Sheria, jina la Idara ya Uhamiaji na Uraia, picha ya sura yake, alama ya kidole. Alama ya kidole ambayo kwenye kadi ni doa dogo, hapa ni mistari inayozunguka kwa ukubwa usioweza kupuuzwa.

Mambo mawili hayalingani na kadi halisi. Penye jina pameandikwa "Cookie, Fortune". Penye mwaka wa kuzaliwa, 1948 umekuwa 1984.

Kwa asiyeijua, fortune cookie ni biskuti nyembamba iliyokunjwa, yenye kikaratasi cha utabiri ndani, ambayo mikahawa ya Kichina nchini Marekani humpa mteja mwisho wa mlo. Basi Hung Liu amejiita Biskuti ya Bahati, akajizaa upya mwaka aliotua Marekani, na vyote viwili akaviweka ndani ya hati ambayo kazi yake kubwa ni kuthibitisha jina na umri wa mtu.

Nimeuchagua mchoro huu kwa sababu unakwenda kinyume na njia ambayo sanaa ya wahamiaji kutoka Asia hutarajiwa kuifuata. Mhamiaji anapoombwa aonyeshe asili yake, kinachotarajiwa ni vazi la bibi, chungu cha jikoni, mandhari ya kijiji. Vitu hivyo vina heshima yake na wapo wasanii waliovitendea haki. Lakini vina hatari moja: vinamridhisha mwenyeji. Vinamwambia kwamba ugeni uko kwa mgeni, katika nguo na chakula chake. Hung Liu aliigeuza kamera upande wa pili. Alikichukua kitu ambacho mwenyeji mwenyewe amekitengeneza, akakionyesha hadharani kwa ukubwa huo, na kwa kufanya hivyo akaonyesha kwamba ugeni wake ulikuwa umeandikwa ofisini, kwa mashine, na watu wasiomjua. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii, na ndiyo sababu haijachakaa.

Ili tuone kwa nini karatasi ilimgusa kiasi hicho, turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa Changchun, kaskazini mashariki mwa China, Februari 1948. Mwaka huohuo mji ulizingirwa na jeshi la Wakomunisti kwa miezi kadhaa, na raia wengi wakafa kwa njaa. Baba yake alikuwa upande wa jeshi la Kuomintang, chama kilichokuwa kikipigana na Wakomunisti. Baba huyo alikamatwa wakati Hung Liu akiwa bado mtoto mchanga, na hawakuonana tena mpaka mwaka 1994, bintiye akiwa mtu mzima mwenye jina lake katika sanaa. Kuwa na baba wa namna hiyo katika China ya Mao lilikuwa doa katika faili la familia nzima. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya mambo na watu wa zamani, familia nyingi ziliteketeza picha zao za zamani, kwa hofu kwamba sura ya mjomba aliyevaa sare isiyotakiwa, au ya bibi aliyependeza kupita kiasi, ingegeuka ushahidi. Familia yake ilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo alijifunza mapema kwamba picha moja ndogo inaweza kumpeleka mtu gerezani, na kwamba hati ina nguvu kuliko mdomo wa anayehusika.

Mwaka 1968 alipelekwa mashambani, wilaya ya Huairou nje ya Beijing, pamoja na vijana wengine wa mjini waliotakiwa kufunzwa upya na wakulima. Alikaa miaka minne. Huko alikuwa na kamera aliyoachiwa na rafiki, akawapiga wanakijiji picha. Aliporudi mjini akaanza kuchora mandhari ndogo ndogo kwa siri: mlango, mti, kibanda, kona ya uwanja. Hazikuwa na mfanyakazi shujaa wala kiongozi, na katika miaka ile hilo lilitosha kuzifanya za hatari. Baadaye aliziita uhuru wake wa siri. Alizichora kwenye vipande vidogo vya karatasi ngumu. Nasisitiza udogo huo kwa sababu ndiyo kinyume kamili cha tulichonacho San Francisco. Nchini kwake alichora vitu vikubwa, miti na vibanda, kwa udogo unaoweza kufichwa. Ugenini alikichukua kitu kidogo kinachofichwa mfukoni akakichora kikubwa kisichofichika.

Masomo yake katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Beijing yalimpa mkono wa uhalisia wa kijamaa, mtindo uliotoka Urusi ya Kisovieti: chora unachokiona, chora kwa usahihi, na ukichora kiongozi usikosee hata nywele. Alikubaliwa kusoma Chuo Kikuu cha California, San Diego, lakini pasipoti ilimchukua miaka minne kuipata. Hatimaye akafika mwaka 1984. Kule akafundishwa na msanii Allan Kaprow, ambaye kwake sanaa iliweza kuwa tendo lolote la maisha, hata kufagia au kusogeza mawe. Nadhani ni watu wachache waliowahi kuvuka umbali mkubwa hivyo katika mafunzo. Huku serikali inakuambia uchore nini na namna gani; kule mwalimu anakuambia si lazima uchore chochote.

Sasa mwangalie mwaka 1988 akiwa na kadi mkononi. Kadi ina picha ya mtu iliyopigwa kwa amri: kanuni za idara wakati ule zilitaka uso ugeuzwe kidogo, sikio la kulia lionekane. Hakuna kutabasamu, hakuna mandhari ya nyuma. Ni picha ya mtu isiyotaka kujua chochote kumhusu. Kuinakili kwa rangi ya mafuta kunahitaji utiifu uleule aliofundishwa Beijing. Kila herufi ikae pale ilipokaa kwenye kadi, kila mstari wa kidole ufuatwe. Ufundi aliopewa na serikali moja kwa ajili ya kuitukuza, akautumia kuinakili hati ya serikali nyingine. Na kwa sababu nakala ni aminifu, yale mawili aliyoyabadilisha yanaonekana kama yametoka ofisini. Hapo ndipo mtazamaji anapokwama. Jicho limekwisha kuamini, ndipo linasoma jina.

Jina lenyewe linahitaji kukaliwa kidogo.

Wachina hutanguliza jina la ukoo. Nyumbani aliitwa Liu Hung. Marekani, kwa kufuata desturi ya wenyeji, akawa Hung Liu. Lakini fomu za serikali ya Marekani hutanguliza ukoo, kisha mkato, kisha jina la mtu. Kwa hiyo kadi ya uhamiaji, hati ile ile iliyomtangaza kuwa mgeni, ndiyo iliyolirudisha jina lake katika mpangilio wa kwao, bila kukusudia. Kwenye mchoro nafasi hiyo imechukuliwa na Cookie, Fortune. Biskuti imekuwa ukoo, bahati imekuwa jina la kupewa. Mhamiaji yeyote aliyewahi kuitwa kwenye foleni kwa jina lililopinduliwa au kukatwa nusu anajua uchungu uliomo humo, na Hung Liu hakuupunguza kwa kuueleza. Aliuacha ulivyo.

Lakini jina la uongo kwenye karatasi ya uhamiaji lina ukoo wake wa kale katika historia ya Wachina wa Marekani, na mchoro huu nauona kama tawi la ukoo huo. Kazi aliyoifanya Capp Street ilihusu uhamiaji huo wa karne iliyotangulia, wa watu waliojenga mtaa wa Wachina wa San Francisco. Tuipitie historia hiyo, kwani bila yake kadi inabaki kuwa kadi tu.

Maelfu ya Wachina walichimba dhahabu California na kisha wakajenga sehemu ngumu kabisa ya reli iliyounganisha pande mbili za Marekani, iliyokamilika Utah tarehe 10 Mei 1869. Haikuchukua muda baada ya hapo wakaanza kufungiwa milango. Sheria ya 1875 iliwalenga hasa wanawake, ikiwachukulia Wachina wengi wa kike kuwa makahaba mpaka wathibitishe vinginevyo. Sheria ya 1882 ikapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini. Halafu mwaka 1892 Bunge likapitisha Sheria ya Geary, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Ilimtaka kila kibarua Mchina aliyekuwa tayari nchini ajiandikishe na awe na cheti cha ukaazi. Asiyekuwa nacho angeweza kukamatwa na kufukuzwa nchini, na ili ajitetee kwamba alikuwa na haki ya kukaa ilimbidi alete angalau shahidi mmoja wa kuaminika, tena mzungu.

Wachina waligoma. Chama chao kikuu cha San Francisco, kilichojulikana kama Makampuni Sita, kiliwataka wasijiandikishe, na wengi mno walitii. Kesi ya kuipinga sheria hiyo ikafika Mahakama ya Juu kwa jina la Fong Yue Ting, na Mei 1893 majaji watano dhidi ya watatu wakaamua kwamba serikali ina haki ya kumfukuza mgeni asiye na cheti. Novemba mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: muda wa kujiandikisha ukaongezwa, na kila cheti sasa kikatakiwa kubandikwa picha. Jina, makazi, kazi, kimo, rangi ya ngozi, makovu, na uso. Hilo ndilo kundi la kwanza la wahamiaji ambalo sheria ya shirikisho ililazimisha kuwa na karatasi yenye sura ili liruhusiwe kuendelea kuishi pale lilipokwisha kuishi. Wengine wote walikuja kufuata baadaye sana: usajili wa wageni na kuchukuliwa alama za vidole kwa nchi nzima ulikuja na sheria ya 1940.

Kadi ya Hung Liu, basi, si kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kila mtu na ambacho kikamwangukia naye. Mzizi wake unafika kwenye vyeti vya 1893, na vyeti hivyo vilianzia kwa watu wa asili yake. Ndiyo maana siafikiani na wanaousoma mchoro huu kama lalamiko binafsi la mtu aliyechoshwa na foleni za ofisi. Ni mchoro wa kihistoria kwa maana ile ya zamani ya neno hilo, kama picha ya vita au ya kutawazwa kwa mfalme. Tofauti ni kwamba tukio lenyewe lilitendekea kwenye karatasi.

Na majina ya uongo je? Mwaka 1906 tetemeko na moto viliteketeza kumbukumbu za serikali San Francisco. Wachina wengi wakapata mwanya wa kudai kwamba walizaliwa palepale, na kwa hiyo ni raia. Raia aliruhusiwa kuleta watoto wake kutoka China. Nafasi za watoto hao zikaanza kuuzwa kwa vijana wasiokuwa na njia nyingine. Waliitwa wana wa karatasi. Kijana alinunua jina, akakariri familia ambayo si yake, akapanda meli. Kuanzia 1910 mpaka 1940 wengi wao walipitia kituo cha Angel Island, katika ghuba ya San Francisco, walikofungiwa kwa wiki na mara nyingine kwa miezi huku wakihojiwa: nyumba yenu ina ngazi ngapi, kisima kiko upande gani, nani anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu. Jibu likitofautiana na la ndugu aliyetajwa kwenye karatasi, mtu anarudishwa. Wengi walichonga mashairi kwenye kuta za mbao, na mashairi hayo bado yapo. Waliopita waliishi maisha yao yote, wakaoa, wakazaa, wakazikwa chini ya ukoo wa kununua.

Ukiyajua hayo, Cookie, Fortune haiwi mzaha mwepesi tena. Nyuma ya jina hilo kuna maelfu ya watu ambao serikali ya Marekani iliwajua kwa majina yasiyo yao, na ambao waliruhusiwa kukaa kwa sababu tu karatasi ilisema uongo unaokubalika. Wao walificha uongo ule ili wapite. Hung Liu aliandika wake kwa herufi ambazo mtu anazisoma akiwa mlangoni. Sheria za kuwafungia Wachina zilifutwa mwaka 1943, tena kwa kuruhusu watu 105 tu kwa mwaka, na mlango ukafunguka kweli na sheria ya 1965. Yeye aliingia wakati huo mpya, akapata kadi halali kwa jina halali. Uhalali wake ndio uliompa nafasi ya kusema walichokificha waliomtangulia.

Kuhusu tarehe nitasema machache, kwa sababu inajieleza. Namba ni zilezile, 4 na 8, zimebadilishana nafasi. Hakuhitaji kubuni mwaka. Maisha yake yalikuwa yamempa. Ila nisingependa isomwe kama shukrani tu, kwamba Marekani ilimpa uhai mpya. Kadi inayosema umezaliwa 1984 imefuta miaka 36: baba, Changchun, Huairou, mandhari zile za siri. Kwa upande wa ofisi hiyo ndiyo hali halisi, kwani faili lake lilianza siku ile. Kuzaliwa upya na kufutwa vimewekwa kwenye mstari mmoja wa wino, na mchoraji hakuchagua kwa niaba yetu.

Kuna pingamizi moja ambalo nimelifikiria sana. Baadhi ya watu huona kwamba kujiita kwa jina la biskuti ni kulirudia tusi, na kwamba msanii mwenye heshima angekataa kulitamka. Biskuti hiyo imetumika kweli kuwakejeli Wachina, kuwafanya watu wa mafumbo na misemo ya kipuuzi. Lakini tazama biskuti yenyewe ilivyo. China haikuwa na desturi hiyo. Kaki za kufanana nayo, zenye kikaratasi cha bahati, zilikuwa zikiokwa Japani katika eneo la Kyoto tangu karne ya 19, na wahamiaji wa Kijapani ndio waliozileta California. Moja ya sehemu zinazotajwa kuwa zilianza kuziuza ni bustani ya chai ya Kijapani ndani ya hifadhi ya Golden Gate, San Francisco, iliyokuwa chini ya Makoto Hagiwara. Mwaka 1942 Wajapani wa pwani ya magharibi walipokusanywa na kupelekwa kambini, familia ya Hagiwara ikiwamo, biashara hiyo ikabaki mikononi mwa Wachina, na baada ya vita ikaenea nchi nzima ikiitwa ya Kichina. Kwa hiyo aliyemwita Mchina kwa jina hilo hakumtaja Mchina hata kidogo. Alitaja kitu cha Kijapani, kilichokomaa California, kilichobadilisha mikono kwa sababu ya kambi, na ambacho hakina kwao isipokuwa Marekani. Sijui jina jingine lolote ambalo lingefaa zaidi kwenye kadi hiyo. Anayelisoma kwa kejeli anaonyesha tu kwamba hajui historia ya nchi yake mwenyewe.

Hung Liu mwenyewe hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1994 alitengeneza kazi iitwayo Jiu Jin Shan, yaani Mlima wa Kale wa Dhahabu, jina ambalo Wachina huuita mji wa San Francisco hadi leo. Juu ya vipande vya reli alimwaga biskuti za bahati zaidi ya 200,000, zikawa kilima. Reli inawataja wajenzi wake, na mlima ule wa dhahabu waliouvukia bahari umegeuka kuwa utabiri wa unga na sukari. Kazi hiyo iliwekwa katika jumba la makumbusho la de Young. Jumba hilo liko ndani ya hifadhi ya Golden Gate, jirani kabisa na bustani ile ya chai ya Kijapani. Biskuti zilikuwa zimerudi hatua chache tu kutoka pale inaposemekana ndipo zilipoanza kuuzwa.

Kama uchoraji, lazima nikiri kwamba Resident Alien si kazi yake nzuri kuliko zote. Miaka ya baadaye aligundua namna yake ya kumimina mafuta ya kitani juu ya rangi mbichi ili itiririke, hata sura zikaonekana kama zinalia au zinayeyuka. Alichora kwa namna hiyo makahaba wa zama za mwisho za ufalme wa Qing, kutokana na picha za studio alizozipata Beijing mwaka 1991. Na kuanzia 2015 hivi, wakulima maskini na wahamiaji wa ndani wa Marekani wa miaka ya 1930, kutokana na picha za mpiga picha Dorothea Lange. Katika kazi hizo kuna huruma ambayo kadi haina. Kadi ni kavu, imenyooka, haina tone hata moja. Hata hivyo nadhani ukavu ulikuwa lazima. Angeitiririsha, angetuambia tumhurumie. Alitaka kwanza tuisome hati, neno kwa neno, jinsi afisa anavyoisoma.

Na kazi zile za baadaye zinatokana na hii moja kwa moja. Makahaba walipigwa picha ili wachaguliwe na wateja. Wakulima wa Lange walipigwa picha kwa ajili ya idara ya serikali. Zote ni picha za watu waliotazamwa na mwenye mamlaka juu yao. Mojawapo ya picha za kwanza za namna hiyo alizozichora akiwa Marekani ilikuwa ya kwake mwenyewe. Nadhani ilimpa haki ya kuchora za wengine: alianza kwa kujiweka yeye kwenye kiti cha anayetazamwa, na hapo ndipo alipouona usawa kati ya mkulima wa Huairou na mama wa Oklahoma aliyefukuzwa shambani na dhoruba za vumbi. Mtu anayejua kuumia kwa jirani kama anavyojua kwa ndugu yake tayari ni mtu wa mahali hapo, kadi iseme lolote.

Kuhusu kupokewa, mambo yalikwenda kwa njia zisizotabirika. Alifundisha chuo cha Mills, Oakland, tangu mwaka 1990. Mwaka 2006 uwanja wa ndege wa Oakland uliweka kazi yake kwenye ukuta wa kioo wenye urefu wa karibu mita 49: korongo 80 wenye utosi mwekundu wakiruka, wakifuata nyayo za mchoro maarufu wa mfalme wa China Huizong, wa enzi ya Song, wa mwaka 1112. Kazi hiyo inaitwa Going Away, Coming Home, kuondoka na kurudi nyumbani, na kila abiria anayepita pale anaipata bila kulipa kiingilio. Huko Beijing, maonyesho yake makubwa yaliyokuwa yafunguliwe mwishoni mwa 2019 katika kituo cha sanaa cha UCCA hayakufanyika, kwa kuwa mamlaka za China zilikataa kutoa kibali cha kuingiza michoro. Safari hii ni michoro yake iliyozuiwa mpakani, na mpaka wenyewe ulikuwa wa nchi aliyozaliwa. Alifariki Oakland tarehe 7 Agosti 2021. Tarehe 27 mwezi huohuo Jumba la Taifa la Picha za Watu mjini Washington likafungua maonyesho yake, na akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mwenye asili ya Asia kupewa pale maonyesho ya peke yake.

Bado kuna jambo ambalo ningependa lifanywe. Mafaili ya uhamiaji wa Wachina wa enzi za marufuku, yenye picha zao na mahojiano yao, yamehifadhiwa katika tawi la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko San Bruno, kusini tu mwa San Francisco. Kutoka hapo hadi jumba la San José ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Natamani jumba lichukue cheti kimoja cha miaka ya 1890 na faili moja la mwana wa karatasi, liviweke kwenye kabati la kioo chini ya mchoro huu, na kuacha watu wavisome vyote vitatu kwa wakati mmoja.